Tafsiri ya Neno Moja

Alijibu kwa neno moja, Bibi Nyemo Mhembano,
akitazama kucha zake, si hakimu:
kulindila.
Basi. Akavuta khanga begani.
Mahakama ya Mpwapwa ikabaki inasikiliza feni.

"Mkalimani, anasema alifanya nini
hiyo miaka tisa, shamba likiwa kwa mdaiwa?"

Miaka kumi na saba nalipwa posho kwa kazi hii,
kuhamisha maji kwa viganja,
na sijui mangapi yamemwagika njiani.

Ningeweza kusema: alingoja.
Ngoja ni neno la bara, halina viatu,
hakuna anayekumbuka lilizaliwa lini.
Unamwambia mgeni mlangoni, ngoja nivae.
Unamwambia mbwa.
Mtu hungoja amekunja ngumi,
hungoja akitukana kimoyomoyo,
na ngojangoja, tunajua, huumiza matumbo.
Ngoja halikuulizi umengojaje.

Ningeweza kusema: alisubiri.
Hili lilipanda kutoka pwani na misafara,
asili yake Uarabuni, limekwisha kutawadha,
linavuta heri, linapewa mabinti kuwa jina.
Ila lina ndugu wa tumbo moja asiyetajwa sana:
shubiri, ile inayoota kwenye mawe njia ya Kibakwe,
ile mama aliyoipaka kwenye chuchu
siku alipoamua kwamba nimeshiba.
Anayesubiri ameimeza hiyo na uso hakuukunja.
Na hapo ndipo Chigwiye Sanyagwa, mdaiwa,
aliponitazama kwa upole usio wa kawaida yake.
Sema alisubiri, mkalimani.
Aliyesubiri si karidhia?
Karani tayari alikuwa ameandika "alis".

Lakini neno la bibi ulichimbe kidogo tu,
utakuta linda limelala ndani yake,
linda hilihili letu, la sungusungu na la mlango wa benki.
Nikajiona nina miaka minane, juu ya dungu,
kombeo mkononi, uwele unakaribia kukomaa,
kweleakwelea wanashuka
kama kitambaa kilichokung'utwa na mtu mwenye hasira.
Baba kasema, rudi jua likizama.
Jua sikulingoja. Wala sikulisubiri.
Nililinda, likazama lenyewe.

"Mheshimiwa," nikasema, "Kiswahili changu hakitoshi hapa.
Alikuwa akilinda kitu mpaka kirudi."
"Kirudi, au kisiondoke?"
"Vyote viwili."

Chigwiye akacheka. "Alinde nini? Hata fimbo hana!"
Nikamgeuzia bibi swali.
Akajibu bila haraka, nami nikamfuata nyuma neno kwa neno:
kila mwaka, kabla ya mvua ya kwanza,
alikwenda kupunguza minyaa ya mpakani,
upande wake, na upande wa Chigwiye pia,
utomvu ukimuunguza vidole,
na hakuna hata mwaka mmoja
mtu aliyemuuliza kwa nini.

Chigwiye hakucheka tena. Alikohoa.

Hakimu akatazama saa.
Karani akaikata "alis" kwa mstari mmoja,
akaacha nafasi tupu yenye upana wa neno.
Shauri limeahirishwa hadi tarehe kumi na tisa.
"Mwambie asubiri."

Nilikuwa na neno moja tu la kumpa,
nalo ni lilelile lake.
Nikampa.

Akatikisa kichwa kama aliyepangiwa zamu.
Akatoka, na kituo cha mabasi hakwenda.
Nilipokuwa nafunga kofia ya kalamu nilimwona ukumbini,
amekaa kwenye benchi, miguu haifiki sakafuni,
amegeukia mlango wa chumba cha majalada.